Ankara ya chuo kikuu cha umma: safari yake kutoka maabara hadi mahakamani

Chuo kikuu cha umma hakiishi kwa ruzuku ya serikali na ada za wanafunzi peke yake. Hupima maji, hukagua uimara wa zege, hukodisha kumbi na hufundisha wafanyakazi wa makampuni, na kila kazi ya namna hiyo huzaa ankara. Je, ni nani anayepaswa kulipa, ni nani mwenye haki ya kupinga, na mkono wa mdai unaweza kufika wapi?

Jalan Bani Bu Ali, wilaya iliyoko kusini mwa mkoa wa Sharqiya nchini Oman, yajulikana zaidi kwa msikiti wake wa kale wa Al Hamoda wenye kuba 52, na kwa bandari ya uvuvi ya Al Ashkhara iliyoko pwani yake. Ni miongoni mwa sehemu ambazo Kiswahili si lugha ya kigeni, kwani familia nyingi za Sharqiya zina jamaa Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki. Wilaya hiyo iko takriban kilomita 300 kutoka Maskati, lakini haiko mbali na elimu ya juu ya umma. Mwaka 2020, kwa amri ya Sultani namba 76, vyuo vya ufundi na vyuo vya sayansi tumizi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, chenye matawi katika miji kadhaa, ikiwemo Sur, Ibra na Nizwa. Kabla ya hapo, chuo kikuu kikongwe cha umma nchini humo, cha Sultan Qaboos, kilikuwa kimefungua milango yake mwaka 1986.

Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa samaki wa Al Ashkhara anayetaka maji ya kiwanda chake kidogo cha barafu yapimwe na maabara ya chuo kikuu cha umma. Yeye si mwanafunzi wala si mtumishi wa chuo. Kwa lugha ya wahasibu, ni mteja wa nje. Katika kundi lake wamo pia kampuni ya ujenzi inayopeleka vipande vya zege vikapimwe, wizara inayoagiza utafiti, shirika linalokodi ukumbi kwa mkutano wa siku mbili, na mwenye duka aliyepanga chumba ndani ya eneo la chuo.

Mwanafunzi asiyelipa ada chuo kina njia ya kumbana, kwani bila malipo huenda asipate cheti chake. Mteja wa nje hana cheti anachokingoja. Akishapokea majibu ya maabara, au mkutano wake ukishamalizika, kilichobaki mkononi mwa chuo ni karatasi tu. Kwa hiyo nguvu ya karatasi hiyo ndiyo nguvu ya chuo.

Fedha ya nani?

Jambo la kwanza ambalo wateja wengi hulisahau ni kwamba anayewadai si profesa aliyefanya kazi, bali ni chuo, na fedha ya chuo cha umma ni fedha ya umma. Mkuu wa idara aweza kuwa rafiki wa mteja, tena aweza kuona kwa macho yake kwamba biashara ya rafiki huyo imeyumba, lakini hana mamlaka ya kumwambia kwamba deni limesamehewa. Kupunguza au kufuta deni huhitaji idhini ya ngazi ya juu, kwa maandishi, pamoja na sababu zitakazosomwa baadaye na wakaguzi. Nchini Oman ukaguzi huo ni wa taasisi ya dola ya ukaguzi wa fedha na utawala, na Tanzania ni wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wote huuliza swali moja: fedha iliyostahili kukusanywa imekusanywa, na kama haikukusanywa, ni nani aliyeruhusu?

Kwa sababu hiyo, ahadi ya mdomo iliyotolewa maabara haina uzito katika ofisi ya fedha. Mteja aliyeambiwa na mtaalamu kwamba atapunguziwa bei ana haja ya kupata neno hilo kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Asipofanya hivyo, mhasibu atakayemwandikia baadaye hatakuwa na habari yoyote ya mazungumzo hayo.

Ankara huzaliwa kabla ya ankara

Wahasibu wenye uzoefu husema kwamba ugomvi mwingi wa malipo hauzaliwi siku ankara inapotumwa, bali siku kazi inapoanza bila karatasi. Kwa utaratibu mzuri, karatasi hizo hufuatana. Kwanza huja makadirio ya bei, yakieleza kazi gani itafanywa, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Pili huja kibali cha mteja, ambacho kwa kampuni au wizara huwa ni hati ya kuagiza huduma yenye namba na saini ya mtu mwenye mamlaka. Tatu huja malipo ya awali, kama yanatakiwa. Nne ni hati ya makabidhiano inayoonyesha kwamba kazi imepokelewa. Ankara ni ya tano, na kazi yake ni kurejea yale manne yaliyotangulia.

Ankara iliyo kamili hutaja jina la kisheria la mteja, namba ya agizo lake, maelezo ya kazi, tarehe ya kufanyika, bei ya kila kipengele, kodi, jumla, siku ya mwisho ya kulipa na njia ya kulipa. Kipengele cha kodi kimeleta mabishano mapya nchini Oman tangu tarehe 16 Aprili 2021, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilipoanza kutozwa. Kwa huduma inayotozwa kodi hiyo, kazi ya rial 400 huongezewa rial 20, na mteja aliyeweka rial 400 akilini hushangaa kuona 420. Kama makadirio yalieleza wazi kwamba bei haijajumuisha kodi, mshangao huo hauna hoja ya kisheria. Kama yalinyamaza, mteja ana pa kuanzia.

Jina la mteja nalo si jambo dogo. Wafanyabiashara wengi wadogo huendesha shughuli zao kwa jina la biashara lililosajiliwa chini ya mtu mmoja. Mbele ya sheria, biashara hiyo na mwenyewe ni kitu kimoja, na deni la duka ni deni la mwenye duka, likifika hadi kwenye mali yake binafsi. Kampuni yenye dhima ya kikomo ni mtu mwingine kabisa kisheria. Tangu sheria ya makampuni ya mwaka 2019, hata mtu mmoja nchini Oman aweza kuunda kampuni ya namna hiyo peke yake. Anayeweka saini kwenye hati ya kuagiza huduma anafaa kujua anatia saini kama nani.

Aina nne za kupinga

Mteja anayepinga ankara kwa kawaida husema moja kati ya mambo manne: si mimi niliyeagiza, kazi haikukamilika, hesabu si sahihi, au nimekwisha lipa. Kila dai lina ushahidi wake, na kuyachanganya humdhoofisha anayeyatoa.

Dai la kwanza hujibiwa kwa hati ya kuagiza. Ikiwa chuo hakina hati yenye saini ya mtu aliyeruhusiwa kuisaini, chuo ndicho chenye kazi ya kuthibitisha. Dai la pili hujibiwa kwa kulinganisha makadirio na hati ya makabidhiano. Hapa muda ni muhimu, kwani mteja aliyepokea ripoti ya maabara, akaitumia kuombea leseni, kisha akakaa miezi minane bila neno, ataulizwa kwa nini ameona kasoro baada tu ya kudaiwa.

Dai la tatu, la hesabu, ndilo linaloweza kudumu kwa miaka mingi, hasa malipo yanapotegemea asilimia. Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ni wa Mlimani City, eneo la maduka na ofisi lililofunguliwa mwaka 2006 jijini Dar es Salaam juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ardhi hiyo ilikodishwa kwa miaka mingi kwa kampuni iliyo chini ya Turnstar ya Botswana, na chuo kikawa na haki ya kupata sehemu ya mapato ya kodi ya majengo. Kwa nyakati mbalimbali wakaguzi wa hesabu za serikali na wabunge waliuhoji mkataba huo na namna mgao wa chuo unavyokokotolewa: je, asilimia ichukuliwe kutoka mapato yote, au kutoka kile kinachobaki baada ya gharama za uendeshaji kuondolewa?

Tofauti ya maneno hayo machache ni kubwa. Tuseme mapato ni shilingi milioni 100 na gharama ni milioni 40. Asilimia 10 ya mapato yote ni milioni 10, na asilimia 10 ya kilichobaki ni milioni 6. Pande zote mbili zaweza kuwa na mahesabu yasiyo na kosa hata moja na bado zikatofautiana kwa milioni 4 kila mwaka. Hakuna mhasibu awezaye kuumaliza ugomvi wa namna hiyo, kwa kuwa kiini chake hakimo katika hesabu, kimo katika sentensi ya mkataba.

Dai la nne, la mtu aliyekwisha lipa, ndilo linaloudhi kuliko yote. Mteja hupeleka fedha benki, hubaki na karatasi ya benki, na baada ya miezi mitatu hupokea barua ya onyo. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Fedha imeingia kwenye akaunti ya chuo bila jina wala namba ya ankara, au imelipwa kwa jina la dereva aliyetumwa benki, na imekaa huko kama yatima asiyejulikana baba yake.

Tanzania ilijaribu kulimaliza tatizo hilo kwa mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2017. Taasisi ya umma hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa kila deni. Mteja hulipa kwa namba hiyo kupitia benki au simu ya mkononi, na fedha huingia ikiwa tayari imefungamanishwa na ankara yake. Faida ya pili ni kwamba hakuna mtumishi anayeshika noti. Hata hivyo, mfumo huo hauondoi madai matatu ya kwanza. Namba ya malipo yaweza kutolewa kwa kazi ambayo haikufanyika vizuri, na mashine haitajua.

Kwa madai yote manne, wanasheria hutoa ushauri unaofanana. Mpingaji aandike mapema, kabla ya siku ya mwisho ya kulipa. Ataje namba ya ankara na kipengele anachokipinga. Na alipe sehemu ambayo haina ubishi. Anayedaiwa rial 420, akakubali 300 na kupinga 120, ana hali nzuri zaidi akilipa 300 na kuandika barua juu ya zilizobaki. Anayezuia zote huonekana mkwepaji hata pale anapokuwa na haki.

Ngazi ya kudai

Deni huzeeka kama binadamu. Katika vitabu vya chuo madeni hupangwa kwa umri wake, kuanzia yale yasiyozidi siku 30 hadi yale yaliyopita mwaka. Kadiri deni linavyozeeka ndivyo matumaini ya kulipwa yanavyopungua, kwani watu huhama, makampuni hufungwa, na mtumishi aliyeijua kazi hustaafu.

Kwa hiyo idara ya fedha hupanda ngazi. Kwanza hutuma ukumbusho wa upole, kisha taarifa ya hesabu, kisha simu na mwaliko wa mazungumzo. Katika hatua hiyo mteja mwaminifu aliyekwama hufaidika zaidi akijitokeza mwenyewe, kwa sababu mpango wa kulipa kwa mafungu uliotiwa saini humwokoa yeye na huokoa kitabu cha chuo. Baada ya hapo huja kusimamishwa kwa huduma mpya, barua ya wakili, na mwisho mahakama.

Oman ina kituo cha katikati kabla ya mahakama. Sheria ya mwaka 2005, iliyotolewa kwa amri ya Sultani namba 98, iliunda kamati za upatanisho na suluhu, ambako pande mbili zaweza kukubaliana bila hukumu, na makubaliano hayo hutekelezeka kama hukumu. Kwa mfanyabiashara wa mji mdogo, ambako mdai na mdaiwa huweza kukutana Ijumaa katika msikiti mmoja, njia hiyo ina thamani isiyopimika kwa fedha peke yake. Kwa upande wa dola, sheria iliyotolewa kwa amri namba 32 ya mwaka 1994 inaweka utaratibu maalumu wa kukusanya kodi, ada na fedha nyinginezo zinazostahili kulipwa kwa vyombo vya serikali.

Shauri likifika mahakamani na hukumu ikatolewa, huanza hatua ya utekelezaji. Mali ya mdaiwa yaweza kuzuiwa, na hakimu wa utekelezaji aweza kuamuru kifungo kwa mdaiwa aliyekataa kutii hukumu. Kwa sababu hiyo, Waomani wengi hulifahamu vizuri jina la Fak Kurba, maana yake kumfariji aliye katika dhiki. Ni mpango ulioanzishwa na chama cha wanasheria wa Oman mwaka 2012. Hukusanya michango, hasa katika mwezi wa Ramadhani, na kuwalipia watu wasio na uwezo waliofungwa au wanaokabiliwa na kifungo kwa madeni yasiyotokana na jinai. Tangu ulipoanza, maelfu ya watu wamerejea majumbani mwao kwa msaada wake. Ni ushahidi wa huruma ya jamii. Unakumbusha pia kwamba karatasi iliyodharauliwa ofisini yaweza, baada ya miaka michache, kumtenga mtu na watoto wake.

Mdaiwa mkubwa

Hata hivyo, ngazi hiyo haiwatishi wote kwa kiasi kimoja. Miongoni mwa wateja wa nje wa chuo cha umma wamo pia wizara, halmashauri na mashirika ya serikali. Hao huagiza utafiti, hupokea ripoti, kisha husema bajeti haijatoka. Chuo hakiwezi kumfunga waziri, na kwa sheria za nchi nyingi, Oman na Tanzania zikiwemo, mali ya serikali haikamatwi kama mali ya mtu binafsi. Deni la namna hiyo humalizwa kwa barua kati ya ofisi na ofisi, au halimalizwi.

Kwa upande mwingine, mteja mwenye madai dhidi ya chuo naye hukutana na ukuta. Nchini Tanzania, anayetaka kuishtaki serikali hutakiwa kutoa taarifa ya siku 90 kwanza, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalizijumuisha taasisi za umma katika utaratibu huo, huku Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa katika shauri. Mteja aliyelipa mapema kwa kazi ambayo haikufanyika hungoja, ilhali mteja aliyechelewa kulipa hupewa tarehe.

Hapo ndipo penye kiini cha haki katika jambo hili. Ikiwa chuo kitamfuata kwa bidii mwenye kiwanda kidogo cha barafu anayedaiwa rial 120, na kuinyamazia wizara inayodaiwa maelfu, ofisi ya fedha itakuwa imekusanya kutoka kwa mnyonge ili kuziba pengo lililoachwa na mwenye nguvu. Dawa inayotumiwa na baadhi ya vyuo duniani ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitekeleza: malipo ya awali kwa kila mteja bila kubagua, na kazi mpya isifanywe kwa yeyote, awe wizara au awe mvuvi, mwenye malimbikizo ya deni yasiyo na ubishi.

Deni na msimu

Watu wa Jalan na Sur hawakuanza jana kudaiana kwa maandishi. Kwa karne nyingi majahazi ya pwani hiyo yalipeleka tende na samaki wa chumvi Afrika Mashariki kwa upepo wa kaskazi, na kurejea na boriti na bidhaa nyingine kwa upepo wa kusi. Bidhaa nyingi zilichukuliwa kwa mkopo. Siku ya kulipa haikuhesabiwa kwa tarehe 30 za ofisi bali kwa msimu, na hati za deni ziliandikwa Maskati, Sur na Unguja zikiwa na majina, kiasi, muda na mashahidi. Aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu jambo hilohilo la kuandika deni kwa uadilifu mbele ya mashahidi, na aya ya 280, iliyo mbele yake kidogo, inahimiza kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki.

Mafundisho hayo mawili yakisomwa pamoja yanatosha kuwa mwongozo wa ofisi yoyote ya fedha. La kwanza linamtaka mdai aandike wazi kabla ya kudai, ili asiyekuwapo siku ya makubaliano aweze kuelewa. La pili linamtaka atofautishe kati ya asiyetaka kulipa na asiyeweza. Chuo kinachotimiza la kwanza pekee kitashinda kesi nyingi na kupoteza wateja. Kinachotimiza la pili pekee kitapendwa, hadi siku wakaguzi watakapofika.

Na kwa mwenye kiwanda cha barafu, somo ni fupi zaidi. Aiweke hati yake ya kuagiza, aitunze stakabadhi yake, na asiiache barua ya ofisi ya fedha bila jibu. Ukimya wake utasomwa kuwa amekubali, na barua itakayofuata huenda isitoke tena kwa mhasibu.